Kiboko Mwenye Ufunguo

Mama yangu hakuwahi kukubali kwamba katuni ni za watoto. Watoto, alisema, watajuaje mambo hayo? Tulipoweka king'amuzi nyumbani na televisheni ikaanza kutuletea zile katuni za kigeni za watu wazima, za baba mwenye tumbo anayeshinda kwenye kochi na meya anayekula pesa za daraja, mama alivuta kiti karibu, akazima sauti, akaanza kuzisemea mwenyewe kwa Kijaluo. Kiingereza chao kilikuwa cha haraka mno kwake, na hakuona sababu ya kuhangaika nacho wakati midomo yenyewe ilionyesha wazi ilichokuwa inasema.

Kinywani mwa mama, yule baba mwenye tumbo akawa mweka hazina wa kanisa letu. Meya akawa chifu wa zamani. Kulikuwa na sehemu moja ambapo polisi wa katuni alisimamisha gari, na mama, bila kukosea hata mdomo mmoja, akawafanya yeye na dereva waongee ile lugha ya kizuizi cha barabarani tunayoijua sote, ya kuulizana habari za nyumbani huku mkono ukipita dirishani. Majirani walianza kuja kwetu jioni, na hawakuja kwa ajili ya katuni. Walikuja kumsikiliza mama.

"Wamechora watu wa huku," alituambia siku moja, "halafu wakawapaka rangi ili wasishtakiwe."

Nimekaa mbele ya walimu wengi tangu siku hiyo, baadhi yao wakiwa na miwani ya kuogofya, na hakuna aliyenieleza kazi ya katuni ya kukosoa jamii vizuri kuliko hapo.

Jambo moja tu lilimuudhi. Katika katuni hizo nyumba inateketea leo, wiki ijayo imesimama. Meya anapelekwa jela leo, wiki ijayo yuko ofisini anakata keki. Mtoto hakui, nyanya hazeeki. Mama aliona huo ni uongo wa wazi. Mimi niliona ndiyo sehemu pekee yenye ukweli mtupu, kwa kuwa nilikuwa nimeishi kwenye wadi yetu kiasi cha kutosha kuona barabara ikizinduliwa, ikisombwa na mvua, na kuzinduliwa tena na mtu yuleyule kwa hotuba ileile. Ilinichukua muda mrefu kuona tofauti iliyopo. Watu wa katuni hawazeeki, na mama yangu alikuwa anazeeka.

Sasa nami natengeneza katuni. Naishi Migori mjini, na studio yetu, ikiwa chumba chenye kompyuta mbili na blanketi zilizopigiliwa ukutani kinaweza kuitwa studio, iko juu ya duka la magodoro. Blanketi ni za kuzuia kelele za boda boda, na hazizuii. Mwenzangu ni Mkuria wa Kehancha, mtu mwenye sauti nzito, ambaye zamani alikuwa akishika kipaza sauti kwenye mnada wa ng'ombe. Kijaluo chake ni kile cha kununulia samaki. Kikuria changu kinaishia kwenye salamu, na hizo salamu nazikosea. Kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili, na katuni yetu ikawa ya Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyenyonya nayo, ili pasiwe na wa kutuambia tumependelea kwao nani. Kituo kidogo cha televisheni cha pale mjini hutuonyesha baada ya habari za jioni, na simu za watu humalizia kazi.

Mhusika wetu mkuu ni kiboko. Nilimchora mimi. Sisi wa upande wa ziwa tunamfahamu vizuri mnyama huyo. Mchana kutwa yumo majini, macho na masikio tu juu, unaweza kudhani ni mtu wa amani. Giza likiingia anapanda mashambani anamaliza mahindi ya mjane, na asubuhi unamkuta amerudi majini amefumba macho, mpole kuliko shemasi. Nilimvisha suti, nikamfunga tai, nikamfanya mwakilishi wa wadi. Sikuhitaji kufikiria sana.

Kilichonifanya nimchore ni choo.

Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko moja lililo ndani kidogo ukitoka Rodi Kopany. Sitalitaja jina. Siogopi mtu, ila nikilitaja masoko mengine yatanuna, kwa maana kila soko lina choo chake cha namna hiyo. Hicho chetu kilijengwa kwa mawe, kikawekwa vigae na tangi la maji juu, kikapakwa rangi ya kijani kibichi, kikawa jengo zuri kuliko yote pale sokoni, zahanati ikiwemo. Kisha kikafungwa kwa kufuli kubwa, na ufunguo ukaondoka na mheshimiwa, mwakilishi wetu wa wadi. Tuliambiwa kinangoja ufunguzi rasmi. Jiwe la msingi lilikuwa limeshawekwa kwa sherehe, na makabidhiano yalikuwa yameshafanywa kwa sherehe, lakini hayo, tulielezwa, hayakuwa ufunguzi.

Wanaume walikwenda nyuma ya kinu cha kusagia unga. Wanawake walikuwa na hoteli moja ya chai, ambayo mwenyewe alisema choo chake ni cha wateja. Kwa hiyo ili mama akitumie, ilimbidi kwanza anunue chai na ainywe. Akishainywa na kurudi kwenye meza yake ya omena, chai nayo inataka kutoka, na hoteli inamngoja na kikombe kingine. Aliniambia ni biashara nzuri sana, mwenye hoteli amepata mteja asiyeweza kuponyoka.

Alichofanya ni kuacha kunywa. Tangu anatoka nyumbani asubuhi mpaka anaporudi, hata tone. Jua la soko, vumbi, chumvi ya omena, na mama amekaa pale midomo imepauka akipimia watu omena kwa kopo la gorogoro. Wenzake karibu wote walifanya hivyo, wakaliita kufunga, na wakacheka kwamba wao wanafunga kuliko mchungaji.

Halafu zikaanza homa, mgongo, na maumivu ambayo hakuyataja mbele ya kaka zangu. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, yanarudi kwa sababu hanywi maji, na figo zimeanza kulalamika. Akamwagiza anywe maji mengi mchana kutwa. Mama alimsikiliza kwa adabu, vile mtu anavyomsikiliza mhubiri wa kanisa lisilo lake. Tulipofika nje alisimama.

"Maji nitakunywa," akasema. "Halafu niyapeleke wapi?"

Nilirudi Migori nikakaa juu ya duka la magodoro nikachora kwa hasira mpaka kalamu ya kompyuta ikagoma.

Katika sehemu ile ya kwanza Kiboko anakuja kuzindua choo cha soko. Wanawake wamepanga foleni, wamebana miguu. Kiboko anakata utepe, kisha anahutubia. Hotuba inakua, jua linasogea, foleni inazidi kubana. Anawashukuru wote waliofanikisha choo, anamshukuru hadi fundi wa tangi, na wakati bibi wa mbele ameanza kucheza densi isiyo na muziki, Kiboko anaurudisha mlango, anapiga kufuli, anaumeza ufunguo. "Uko mahali salama," anasema, akijipapasa tumbo. Tangu hapo kila akitembea, ufunguo unalia ndani yake. Mlio huo tuliupata kwa kutikisa funguo za mwenye duka ndani ya kopo la majani ya chai. Sauti ya Kiboko aliifanya mwenzangu akiwa na tonge la ugali baridi mdomoni, na alikataa katakata kutumia ugali wa moto, akisema wa moto unamfanya mheshimiwa aonekane ana huruma.

Tulijua tumemmaliza. Tulijadili hata habari ya wakili, tungempata wapi na angetuonea huruma kiasi gani.

Kosa letu lilikuwa kwenye jina. Tulikuwa tumelitazama lile tumbo kwa muda mrefu, tukamfikiria mnyama tu, na sote wawili, watu tunaokula kwa Kiswahili, tukasahau maana nyingine ambayo kila mtu barabarani anayo. Mtu akiwashinda wenzake, si anaitwa kiboko? Kiboko yao. Mheshimiwa asiyeshindika. Tulikuwa tumempa mtu tuliyetaka kumwaibisha jina ambalo vijana hulipigia kelele mpira ukiingia wavuni.

Simu ya kwanza ilitoka Kehancha. Mjomba wa mwenzangu alitaka kujua tumempataje mheshimiwa wao vizuri hivyo, mpaka na mwendo. Mwenye duka wa Ntimaru akaandika kwamba hapana, huyo ni wao, yule wa Kehancha hana hata suti ya maana. Watu wa upande wa Homa Bay wakakasirika, kiboko ni wa ziwa, na ziwa ni letu. Kisha mwakilishi wa wadi moja ambayo sijawahi kukanyaga akapiga mwenyewe, kwa upole sana, akauliza ni kitu gani alichopungukiwa mpaka hatukumchora yeye. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania hata kidogo.

Wa kwetu nilimsikia kwa masikio yangu, kwenye mazishi. Wajaluo tuna desturi inayoitwa pakruok. Bendi ikiwa inapiga, mtu hutoa chochote, muziki unasimamishwa, anashika kipaza sauti na kujisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, anaogopwa na nani. Akimaliza, gitaa linaingia na watu wanashangilia. Uongo unaruhusiwa, ila uwe mtamu. Mheshimiwa alisimamisha muziki. Akanyoosha suti. Nikamwona akijipapasa tumbo, vilevile nilivyomchora.

"Mimi ndiye Kiboko," akasema. "Kiboko yao. Mwenye ufunguo."

Hema nusura ling'oke. Wanawake wa sokoni, walewale wa foleni yangu, waliobana miguu maishani kabla sijawabanisha kwenye katuni, walisimama wakapiga vigelegele. Alikuwa amekwenda na funguo za gari lake, akazitikisa kwenye kipaza sauti, na wapiga gitaa wakaudaka mlio ule wakautilia muziki. Nilitaka kulia. Mama alikuwa kando yangu, midomo imekauka, anacheza kwa mabega.

Nilimuuliza anashangilia nini. Akaniambia huyo mtu amejisifu vizuri, mwenye haki apewe haki yake. Kisha akaniinamia.

"Umemtungia sifa bure, nyara," akasema, yaani binti yangu. "Wenzako hulipwa."

Tulirudi studio tukamfanya mbaya zaidi. Kiboko akala madawati ya shule, akashushia na misumari. Kiboko akalala kwenye bunge la kaunti, akaamka kupiga kura ya ndiyo, akalala tena kabla ya kujua ndiyo ya nini. Kila tulipompiga alinenepa. Mheshimiwa alichapisha fulana zenye mchoro wangu. Alimweka Kiboko kwenye kifuniko cha tairi la akiba la gari lake, tai na vyote. Watoto walimpungia mkono barabarani. Na alianza kutembea akitikisa funguo mfukoni, ukawa ndio mlio wa kumtambulisha, unamsikia kabla hujamwona. Mwenzangu akaanza kuwa na mawazo mazito. Alisema labda hata wale mameya wa katuni za kigeni, wale wa kweli waliochorwa, wametundika michoro yao ofisini na kuwaonyesha wageni. Labda kazi yetu yote ni kumpaka mtu mafuta huku tukidhani tunamchoma. Nilimwambia anyamaze aweke ugali mdomoni.

Kisha mama akalazwa Homa Bay.

Niliogopa. Sijui namna ya kuliandika hilo kwa mzaha, na nimejaribu. Alikuwa amekuwa mdogo kitandani, na ngozi ya mkono wake nilipoivuta ilikaa pale nilipoiacha. Nilimchukia mheshimiwa kwa namna ambayo haiwezi kuchorwa. Nilizichukia na katuni, ambamo mtu anaangukiwa na jengo anasimama anajipangusa. Mama mwenyewe alifungua macho, akatazama maji ya dripu, akatazama mlango wa choo cha wodi uliokuwa wazi hatua chache kutoka kitandani.

"Maji na choo mahali pamoja," akasema. "Kama si omena ningehamia hapa."

Alipopata nafuu alirudi sokoni. Nilimkataza, akanitazama vile anavyotazama mtu anayetaka kupunguziwa bei. Nikajua ataanza tena kukaa bila maji, na safari ijayo huenda hiyo dripu isitoshe.

Siku chache baadaye tulisikia funguo zikipanda ngazi. Mheshimiwa aliingia, akakaa juu ya kipande cha sponji tulichopewa na mwenye duka, akatuita vijana wa maendeleo. Alikuwa na lalamiko moja tu dhidi ya kazi yetu nzima: tai ya Kiboko imepinda. Zaidi ya hapo alitupongeza. Halafu akaleta ombi. Alitaka sehemu ambayo Kiboko anafungua choo, kwa heshima zote, na kesho yake yeye afungue choo chenyewe sokoni, nasi tuwepo na kamera.

Nilimuuliza kwa nini kimefungwa muda wote huo. Nilitarajia angalau atazame pembeni. Alinieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mgeni mkubwa aliyeahidi kuja kukifungua aliahirisha, akaahirisha tena.

"Sasa madam, nikifungua hivi tu," akasema, "si itakuwa tu ni choo?"

Nilimwambia wenye vibofu wangejua kimefunguliwa. Alicheka sana, akanishauri hayo maneno niyatie kwenye katuni.

Alipoondoka, mwenzangu alizima kompyuta. Alisema tukilifanya hilo sisi si wachoraji tena, ni bendi yake, na afadhali yeye arudi kwenye mnada, maana kule angalau ng'ombe anayesifiwa huwa ana nyama. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekaa pale nikiifikiria ngozi ya mkono wa mama.

"Figo za mama yangu zinamngoja huyu mtu," nikamwambia. "Washa mashine."

Aliwasha. Kisha akauliza Kiboko akifurahi anatoa sauti gani, maana hajawahi kufurahi.

Tukachora sifa tupu. Mwenzangu alitaka kuficha kamwiba mahali, nikakataa, nilitaka choo kifunguliwe basi. Kiboko anakuja sokoni, jua linamwinamia. Ng'ombe wanapiga magoti. Ziwa linatoka mahali pake, linapanda mlima na kuja kumsalimu, na kulipigia kufuli magoti. Kiboko anakohoa, anakohoa tena, anautapika ufunguo unaong'aa, kwaya inaimba, kufuli lenyewe linalia kwa furaha. Nilichora kila kitu kwa unyenyekevu wa mtu anayemeza dawa. Hakuna sehemu tuliyowahi kutoa iliyochekesha kuliko hiyo. Mjomba wa Kehancha alipiga simu akashindwa kuongea, tukamsikia tu akihema. Ziwa zima kulipigia kufuli magoti! Huko Ntimaru, tuliambiwa, watu walikwishaanza kumuuliza mheshimiwa wao ni lini atatapika. Mimi sikucheka. Niliona ni mchoro halisi wa mambo yalivyo, tena nimepunguza.

Kesho yake kulikuwa na hema, viti vya plastiki na bendi. Mchoraji wa mabango ya vinyozi alikuwa ameitwa kuremba, naye alikuwa amemchora Kiboko wangu ndani ya choo cha akina mama, ukutani, kimo cha mtu aliyechuchumaa, ana kwa ana, meno yote nje. Tai ilikuwa imenyooka.

Mheshimiwa alikata utepe. Wanawake wakaanza kuimba tapika, tapika, naye akakohoa kama alivyoona kwenye televisheni, akachomoa ufunguo kooni, yaani kwenye kola ya shati, na soko likaanguka kwa kicheko. Akafungua kufuli. Mwenzangu akiwa na kamera alisema anahitaji mtu wa kuingia kwanza. Mama alikuwa ameshafika mbele, sijui saa ngapi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mheshimiwa akamkabidhi kufuli na ufunguo wapigwe picha wameshikana mikono. Wakapigwa. Mama akaingia, mlango ukafungwa, komeo likasikika, bendi ikapiga.

Hapo ndipo msaidizi wa mheshimiwa aliponijia kuuliza kama nimeliona kufuli. Nikamuuliza la nini. Akasema kwa adabu kwamba leo ilikuwa ya televisheni. Ule ufunguzi rasmi ungali unamngoja mgeni, na haingefaa mgeni akute vigae vimechafuliwa.

Nilimtukana kwa Kijaluo na Kiswahili, nikamaliza kwa ile salamu ya Kikuria ninayoikosea. Nilikuwa nimechora ziwa likipiga magoti. Nilikuwa nimemfundisha Kiboko kufurahi. Na wiki ijayo nyumba imesimama, meya yuko ofisini, kila kitu mahali pake, isipokuwa mama yangu.

Bendi ilinyamaza. Mheshimiwa mwenyewe alikwenda mlangoni, akagonga kwa kidole.

"Mama, sisi tumemaliza," akasema.

"Mimi sijamaliza," mama akajibu kutoka ndani.

Alingoja. Akagonga tena, akamwomba basi atoe tu lile kufuli chini ya mlango. Mama akasema kufuli analo na ufunguo anao, viko salama, ameviweka kifuani. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Mwenzangu hakuwa ameshusha kamera. Mheshimiwa aliitazama kamera, akatazama wanawake, ambao kwa mara ya kwanza tangu nimjue hawakuwa wakimpigia makofi, na mkono wake ukaingia mfukoni. Hakutikisa chochote.

Nilisogea mlangoni nikamwita mama. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema amepindua ndoo ameikalia, na Kiboko wangu yuko mbele yake anamkodolea macho, na tangu wamchague hii ndiyo mara ya kwanza wamekaa pamoja bila yeye kuhutubia.

"Nyara," akaniita, "niletee maji."

Nikamwambia tangi lina maji, afungue bomba anawe.

"Si ya kunawa," akasema. "Ya kunywa. Jagi nzima."

Meza za sokoni ziliachwa wazi. Aliyekuwa na chupa alikuja na chupa, aliyekuwa na kidumu alikuja na kidumu, na mwenye hoteli alituma birika la chai ambalo hakuna aliyeliagiza. Tuliyapitisha maji kwenye nafasi iliyo juu ya mlango, mkono wa mama ukayapokea. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama palepale. Nikaegemeza sikio kwenye mbao, nikamsikia mama yangu akinywa maji sokoni, mchana, funda baada ya funda, bila haraka.